Upande wa Mishono

“Inua mkono, dada. Sasa huo mwingine.”

Fundi aliinua mkono bila kuyaondoa macho yake darini. Dari ile aliijua kuliko sura yake mwenyewe: ubao uliopinda karibu na taa, doa la maji lenye umbo la kiatu, msumari ambao mtu aliugongomea nusu kisha akaenda zake. Tangu pikipiki ilipomrusha na kumvunja uti wa mgongo, kila asubuhi alivishwa nguo akiwa chali, akiitazama dari hiyo. Mikono yake ilibaki mizima. Lakini chini kidogo ya kwapa hisia zilikatika, na kutoka hapo kwenda chini mwili ulikuwa wake kwa jina tu. Hakutaka kuuona.

Siku zote aliyemvisha alikuwa mama yao. Mama alikuwa na maneno mengi wakati wa kazi hiyo: jirani kafanya hivi, paka kaiba samaki, mvua ya leo haina adabu. Kufumba na kufumbua Fundi alikuwa ameshavaa, yuko kwenye kiti chake cha magurudumu, tayari kwenda kwenye meza yake ya kutengenezea simu. Sasa mama alikuwa kaburini, na kazi ile ilimwangukia mdogo wake. Huyo nyumba nzima ilimwita Pasi tangu utotoni, kwa sababu alipiga pasi kila kitu kisichoweza kumkimbia: mashuka, taulo, soksi, hata vitambaa vya kufutia vyombo.

“Geukia ukutani kidogo nifunge,” alisema Pasi, akamlaza ubavu. Kisha akanyamaza. Kunyamaza kwa Pasi hakukuwa na heri.

“Nini?”

“Kile kialama, dada.”

“Kimefanya nini?”

Pasi aliweka mgongo wa kiganja chake kwenye ngozi ya dada yake, kama nesi alivyowafundisha. “Pana moto. Na pamekuwa pagumu. Jana hapakuwa hivi.”

Fundi alitoa tusi ambalo mama angelisikia angemtia pilipili mdomoni. Kialama kile kilikuwa pale pale sidiria inapofungwa, upande wa kushoto wa uti wa mgongo, na kilikuwa kimeanza wiki chache baada ya mazishi. Yeye hakukisikia hata kidogo. Angeweza kuchomwa kisu pale akaendelea kupiga soga.

Mtu ambaye hajawahi kulazwa kifudifudi miezi mizima, akingoja kidonda kizibe, ataona ni jambo dogo. Fundi alikuwa amelazwa hivyo mara moja, kwa ajili ya mshono wa suruali uliomkalia vibaya. Alipoamka meza yake alikuta imekaliwa na mwingine, na wateja wamezoea. Ilimchukua muda mrefu kuipata tena. Juzi nesi hakumung'unya maneno: “Hiki bado hakijapasuka. Kikipasuka unarudi kitandani, na sitaki kusikia habari za simu za watu. Tafuteni kinachombana, mkiondoe.”

Kinachombana kilikuwa ni sidiria, hilo hata kipofu angeliona. Lakini sidiria zilikuwa zile zile! Mama alimvisha hizo hizo miaka nenda rudi, na mgongo ukawa laini kama wa mtoto.

“Labda zimechakaa,” alisema Pasi. “Leo mchana twende tukanunue mpya.”

Asubuhi hiyo mezani kichwa kilianza kumgonga. Jasho likamtiririka usoni na shingoni, hali upepo ulikuwa unavuma na mteja aliyesimama mbele yake kavaa sweta. Hivyo ndivyo mwili wake ulivyosema. Ukibanwa kule asikosikia, ulipiga kelele kwa mlango mwingine. Nyumbani, mama alikuwa akiona tone moja tu la jasho kwenye paji la uso anaacha sufuria jikoni na kuja kumlegeza nguo.

“Pole, Fundi,” alisema mteja, akitikisa kichwa. “Majonzi hayo. Mama ni mama.”

“Si majonzi. Kuna kitu kinaning'ata mgongoni.”

“Eeh, ndivyo majonzi yanavyoanza. Mimi yalinikaa begani.”

Fundi alishika bisibisi yake ndogo kwa nguvu mpaka kucha zikageuka rangi. Tangu mama afe, hakuna neno alilosema likabaki neno lake. Akisema ana njaa, ni majonzi. Akikataa kula, ni majonzi. Akimfokea mtu aliyemletea simu iliyotumbukia chooni bila hata kuifuta, masikini, majonzi. Alimrudishia mteja simu yake na kumwambia aje kesho, kabla hajamrushia.

Duka la nguo za ndani lilikuwa mtaa wa pili. Pasi alimsukuma hadi mlangoni, wakakuta kizingiti, wakageuza kiti, wakaingia kinyumenyume. Muuzaji alikuwa mwanamke mwenye manukato ya kutosha watu watatu, ameketi kwenye kigoda.

“Karibuni, wapenzi,” alisema, kisha akamtazama Pasi. “Mgonjwa anavaa saizi gani?”

“Mgonjwa yupi?” aliuliza Fundi.

Muuzaji alicheka, bado akimtazama Pasi. “Anaongea vizuri, mashallah.”

“Naongea, nahesabu na naona. Nataka sidiria isiyo na waya, mkanda mpana, kitambaa laini, na nyuma kusiwe na kulabu.”

“Aa, hizo za mabibi!” Muuzaji alinyanyuka na kurudi na kitu chekundu chenye maua ya nyuzi na waya kama mpini wa ndoo. “Mtoto wa kike mzuri hivi, usijizeeshe. Hii inanyanyua.”

“Inyanyue ipeleke wapi?”

Pasi alifunika mdomo. Muuzaji hakuona cha kuchekesha. Alisema kama hawataki, wajaribu nyingine, na chumba cha kujaribia kiko pale. Pale palikuwa na ngazi moja, pazia, na nafasi ya kusimama mtu mwembamba akiwa ameshikilia pumzi.

“Basi mjaribishe hapo hapo juu ya gauni,” muuzaji alimwambia Pasi. “Hakuna anayemtazama.”

Pasi, kwa kutaka yaishe, alichukua moja ya rangi ya maziwa na kuanza kumzungushia dada yake kifuani, katikati ya duka, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakichagua soksi. Wote wawili waligeuka kuzitazama soksi kwa bidii ya ajabu. Fundi alijikaza kisabuni. Mkanda ulipanda, ukamkaba kwapani. Kulabu zilikuwa nne, ngumu kama meno ya mamba.

“Lakini kwani, dada yangu,” muuzaji alimnong'oneza Pasi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “mtu wa kukaa tu, lazima avae? Si mngemwachia matiti yapumue?”

Hapo mori ulimpanda Fundi. “Wewe mbona umevaa? Si unakaa tu kwenye kigoda hicho?”

“Mimi sikuwa na nia mbaya…”

“Nikiacha yakapumua yanalala tumboni, jasho linakaa chini yake, ngozi inachubuka na mimi sina habari. Nisipovaa, wateja wangu wanaongea na kifua badala ya kuongea na mimi. Nikivaa za kwako naoza mgongo. Sasa niambie, mama, nivae nini? Niambie mimi. Mimi! Si huyu!”

Aliivua ile sidiria, akaitupa mezani, akageuza kiti mwenyewe na kugonga mdoli wa maonyesho, ambao ulianguka na kiuno chake kikachomoka. Hakuomba radhi.

Nje Pasi alimkimbilia. “Dada, umetuaibisha!”

“Nimetuaibisha? Wewe ndiye uliyenivalisha dukani kama mdoli!”

“Nilikuwa nakusaidia!”

“Mama alinisaidia. Wewe unaniharibu. Mikononi mwa mama sikupata hata mkwaruzo!”

“Mimi si mama!” Pasi alisimama katikati ya njia, mikono kiunoni, machozi yakimtoka. “Sikuwahi kusema mimi ni mama! Nimeacha nyumba yangu, nakunawisha, nakuvisha, nakupikia, na matusi nayapokea kabla ya chai. Yule alikuwa mama yangu pia, ujue! Au mimi nimefiwa na jirani?”

Fundi alisukuma magurudumu mwenyewe juu ya kokoto hadi nyumbani, na Pasi akamfuata nyuma hatua kadhaa.

Nyumbani Pasi alifanya alichofanya siku zote akikasirika. Aliwasha pasi. Alianza na shuka, akaja kwenye magauni, kisha akavuta kapu la nguo zilizokauka na kuitoa sidiria. Akaigeuza vizuri, akainyoosha kwa kiganja, akaishusha pasi juu yake.

“Wewe!” alisema Fundi. “Nani duniani anapiga pasi sidiria?”

“Mimi.”

“Lete hapa.”

Aliinyakua ili aitupe uani. Lakini vidole vyake havikuzoea kutupa kitu kabla ya kukipekua. Vilipita juu ya mkanda vikakutana na uvimbe laini. Kwa mara ya kwanza tangu ajali aliitazama sidiria yake. Alisogea kwenye meza ndogo ya dirishani, akavaa lenzi yake ya kazini jichoni, akaiweka ile nguo kwenye mwanga kama simu iliyofunguliwa.

Waya zilikuwa zimeng'olewa na matundu kushonwa. Mkanda uliongezwa kipande ili urefuke. Na pale penye kulabu, mama alikuwa ameshonea kipande kinene cha flaneli kutoka kwenye gauni lake la kulalia la maua ya zambarau, mishono midogo midogo, kila mmoja umefuata mwenzake. Ila kipande kile kilikuwa upande wa nje.

“Mbona flaneli iko nje?”

“Mama macho yalikuwa yameshamchoka,” alisema Pasi bila kugeuka. “Kashona upande siyo. Zote kazishona hivyo, na alikuwa anaziweka kabatini zimegeuzwa, ndani nje, nje ndani. Mimi kila asubuhi nazirudisha sawa. Nilisema nikipata nafasi nivifumue hivyo viraka.”

Fundi alishikilia lenzi. Alikuwa amefungua simu nyingi mno kuamini kwamba aliyeunganisha kitu alikuwa hajui alichofanya. Ukikuta skrubu mahali pa ajabu, unauliza kwanza inashikilia nini. Flaneli ile ilikuwa imechakaa. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ikang'aa, na ina manjano ya jasho la zamani. Kitambaa kinachokaa nje, chini ya gauni, hakipati jasho la namna hiyo. Na ule upande mwingine, wa mishono, wa lebo, wa ncha za kulabu, ulikuwa safi kama umetoka dukani jana.

“Pasi.”

“Nini tena?”

“Nje ndiyo ndani.”

Pasi alikuja, akainama, akatazama. Ilimchukua muda. Kisha aliiweka chini ile pasi ya moto taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

“Alikuvisha zimegeuzwa,” alisema. “Mishono nje.”

“Na wewe kila asubuhi ukanigeuzia mishono mgongoni. Kwa unadhifu.”

“Lakini mbona hakuniambia? Alinionyesha dawa, alinionyesha jinsi ya kukunyanyua, hadi jinsi unavyopenda chai! Hili kwa nini hakusema?”

“Na mimi kwa nini hakuniambia?” Fundi alipiga meza, skrubu zikaruka. “Mwili ni wangu! Kaufanyia kazi nyuma yangu, miaka yote, kaondoka nayo kama siri ya benki! Hasira gani hii, eti namkasirikia maiti!”

Lakini alijua kwa nini. Siku za mwanzo kabisa, alipokuwa akililia miguu yake, alimfokea mama: nivishe tu, usinisimulie habari za mwili huu, sitaki kujua. Mama alimwitikia. Tangu siku ile alisimulia paka na mvua, na mikono yake ikafanya mengine kimya kimya.

Pasi alikuwa amekaa sakafuni, uso ndani ya lile kapu. “Nimekuumiza, dada.”

“Umeniumiza. Mama naye kaniumiza, na yule mwenye manukato. Na mimi nimo.” Fundi alijifuta uso kwa mkono wa gauni. “Inuka bwana, pasi inaunguza ubao.”

Asubuhi iliyofuata hakulala chali. Alimwambia Pasi amwegemeze kwenye mto, alete kioo kikubwa cha kabatini, kisha asogee mbali na asiguse kitu. Alijitazama. Hakuona kizuri wala kibaya, aliona kifua cha mwanamke wa umri wake na tumbo lisilojibeba, na alikikasirikia kioo kwa sababu kilikuwa hakijafanya kosa lolote. Alipitisha mkanda nyuma, akauvutia mbele, akafunga kulabu tumboni mahali anapoziona, kisha akauzungusha kidogo kidogo, huku akitukana, mpaka flaneli ikaenda mgongoni. Aliyumba mara mbili. Mara ya pili Pasi aliruka.

“Nimesema usiguse!”

“Unaanguka!”

“Nianguke basi!”

Hakuanguka. Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyebeba gunia. Mishono yote ilikuwa nje, nyuzi zimening'inia, na lebo imesimama chini ya kwapa kama bendera ndogo. Siku zote mkono wa Pasi usingeweza kuvumilia kitu kama hicho. Ulinyanyuka wenyewe, vidole viwili tayari kuichomeka lebo ndani.

“Iache,” alisema Fundi.

Pasi aliurudisha mkono. “Inanikera, dada.”

“Ikukere.”

Siku zilipita, na kila jioni Pasi aliweka mgongo wa kiganja pale, na kila jioni alisema bado pana moto, na Fundi alilala akiwa amesaga meno. Kisha jioni moja kiganja kilikaa muda mrefu kuliko kawaida.

“Sema basi!”

“Pamepoa,” alisema Pasi. Akagusa tena. “Pamelainika na pamepoa.”

Fundi aliomba kioo, na lenzi, na apelekwe karibu na taa, akaone mwenyewe.