Mkubwa kwa Mkubwa

Tangu wangali wananyonya, wazee walishakata shauri: Muhsina ataolewa na Shihab, na mdogo wake Rahaf ataolewa na Safwan. Mkubwa kwa mkubwa, mdogo kwa mdogo, utadhani wanapanga viatu mlangoni. Zahor, baba wa mabinti, na Harub, baba wa vijana, ni ndugu, na ahadi ya ndugu haivunjwi eti kwa sababu msichana analia.

Na Muhsina alilia kwelikweli. Mwaka ule wa 2003 Harub alimpa Safwan duka la matunda la soko la Mawaleh, akamruka Shihab, mwanawe mkubwa. Shihab akamfuata mdogo wake sokoni, akamvunja mkono kwa nondo mbele ya wateja. Aliyemvunja nduguye kwa ajili ya machungwa, mke atamfanya nini?

"Baba," Muhsina alisema, macho yamemvimba, "kule Uingereza nilikosoma, mwalimu wangu wa Kiyahudi alitueleza wanazuoni wao wanavyofasiri kisa cha Nabii Yaakub. Lea, mkewe, hakuzaliwa na macho dhaifu. Watu walisema Rebeka ana wana wawili, Esau na Yaakub, na kaka yake Labani ana mabinti wawili, Lea ndiye mkubwa, basi mkubwa kwa mkubwa. Lea akaulizia habari za Esau, akaambiwa ni mtu wa kumwaga damu. Alilia mpaka kope zikamdondoka."

"Nabii Yaakub nnamjua, mwanangu. Shihab akishaoa atatulia."

"Na wanasema Esau alipomkumbatia Yaakub wapatane, alitaka kumng'ata shingo. Mungu akaigeuza ile shingo ikawa marumaru."

"Mtu mzima ang'ate? Astaghfirullah!" Zahor alicheka mpaka kofia ikamtoka.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, familia zote mbili zilikutana nyumbani kwa Zahor, mtaa wa Qurum, kufanya sulhu. Wanawake walitazama nyuma ya pazia. Kahawa ikanywewa, halwa ikaliwa, kisha wazee wakawaamuru vijana wakumbatiane. Shihab alifungua mikono akitabasamu. Akamvuta Safwan kifuani, akazamisha meno shingoni mwake.

Shingo ya Safwan ilikuwa nyama tu. Alipiga ukelele, damu ikachuruzika mpaka kwenye bandeji ya mkono, na ilibidi watu watatu wambandue Shihab.

"Zahor, tufunge ndoa sasa hivi," Harub alisema. "Aibu hii isitoke nje. Mke atamtuliza."

Zahor akaitikia kwa kichwa.

Muhsina aliona, moyo ukamlipuka kwa ghadhabu. Akalisukuma pazia, akasimama katikati ya wanaume. "Simtaki!"

Shihab alimtandika kofi, Muhsina akaanguka juu ya birika la kahawa, mdomo ukapasuka. Hapo ndipo Zahor aliponyanyuka na bakora. Alimcharaza Shihab kichwani, mgongoni, mpaka ikakatika, akaendelea na kipande kilichobaki.

"Toka! Mwanangu humpati!"

Shihab akatolewa akiburutwa. Zahor akapiga magoti, akamfuta binti yake damu kwa kilemba chake. Muhsina alikuwa ameiponyoka ndoa ile, naye alijua. Lakini hakuweza kumshukuru.

"Baba," alisema, "kumbe ulikuwa ukingoja nipigwe mimi?"