Herufi za Mabuti

Handeni hakuna anayeuliza kibao fulani kaandika nani. Ukiona herufi nene zimeinamia mbele, na kila mguu umevalishwa kisigino cha mraba, huo ni mkono wa Munira binti Mustafa. Watu wanaziita herufi za mabuti.

Aliyezianzisha ni marehemu baba yake, na mzee alikuwa na maelezo yake. Unene ni ili dereva azione akiwa mwendoni, kuinama ni ili zionekane zina shughuli, na mabuti ni ili zisianguke kwa huko kuinama. Vijana wa mabango kule Korogwe wanazo za namna hiyo kwenye kompyuta, wanabonyeza tu. Sawa, wabonyeze. Lakini bucha, gereji, mashine za kusaga, nyuma ya malori ya mahindi, hata kibao cha fundi majeneza, vyote kaandika Munira. Mwambie za kompyuta ni nzuri zaidi, atakuuliza nani kakutuma.

Sasa Munira alikuwa na rafiki yake wa damu, Simaloi, Mmasai muuza maziwa. Urafiki ulianza Munira alipojifungua, Simaloi akawa anampelekea maziwa kila asubuhi bila kuombwa. Mwaka jana Simaloi alifiwa na mumewe, Keriako, na Munira alilia naye mpaka sauti ikamkauka. Mwaka huu mjane amepata kibanda karibu na stendi, auze maziwa, mtindi na chai. Akamwomba Munira amwandikie kibao, neno moja tu: MAZIWA.

Neno moja! Munira aliona hapana, hiyo ni huzuni inayosema. Kwao Wazigua marehemu anatajwa. Mjukuu anapewa jina lake, dua inasomwa kwa jina lake, ukinyamaza watu watasema umemsahau. Basi akaamua kumfanyia shoga yake jambo. Akachora KERIAKO kwa mabuti makubwa kuliko yote aliyowahi kuchora, mekundu, yenye kivuli cheusi ubavuni, na MAZIWA akaliweka chini, dogo. Akarudi nyuma kutazama, akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Jamani, wema nao una upofu wake.

Siku moja kabla ya kufungua kibanda, Simaloi alifika na dumu lake la maziwa. Kusoma hajui, na Munira alishajiandaa kumsomea. Hakukuwa na haja. Simaloi aliinua macho, akaganda, akaweka dumu chini, akavua shuka begani na kulitupa juu ya kibao.

Munira akadhani rangi haikumpendeza. Ndipo Simaloi alipomweleza, kwa sauti ya chini, kwamba kwao aliyekufa jina lake halitamkwi tena. Hata ndugu aliyekuwa na jina hilo hupewa jingine, ili aliyelala aachwe alale. Na kesho mama mkwe wake anakuja kukibariki kibanda, yeye na mashemeji wanaojua kusoma. Akikuta jina la mwanawe limetundikwa stendi, kila abiria analitamka, atajua mkamwana wake ndiye aliyeliweka. Kibandani hataingia, na Simaloi hatakuwa na uso wa kurudi bomani.

Munira aliomba msamaha, akaomba tena, akajiona mjinga wa kutupwa. Miaka yote ya kunywa maziwa ya mwenzake, na jambo kubwa kama hili hakuwahi kuliuliza. Halafu akashangaa: mwenzake amelijuaje neno lenyewe?

Simaloi akasema pikipiki ya mumewe ilikuwa nalo kwenye madigadi ya mbele, limeandikwa na mzee Mustafa. Jioni alikuwa anakaa mlangoni akitazama barabara. Lile umbo nene, lililoinama, likitokeza kwenye vumbi, anajua amerudi. Lingeandikwa kwa herufi nyingine yoyote, angepita chini yake asilijue.

Munira alifungua kopo la rangi nyeupe, akachovya brashi, akataka kuimaliza aibu ile upesi. Simaloi akamshika mkono.

“Subiri kidogo, dada,” akasema. “Kulitaja siwezi. Kulishika hakuna aliyenikataza.”

Akalivuta shuka taratibu. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akaufuata mguu wake mpaka kwenye buti, akapanda, akashuka kwa upande wa pili. Akaenda inayofuata. Midomo aliibana, machozi yakimtiririka. Munira akageukia barabarani ili mwenzake apate faragha, na yeye mwenyewe alikuwa analia. Ile O ya mwisho Simaloi aliizunguka, akaizunguka tena, kidole hakitaki kutoka.

Kisha akaichukua brashi mwenyewe. Nyekundu ilikuwa kaidi, ikawa inachungulia chini ya nyeupe, naye akarudia na kurudia mpaka kibao chote kikawa kitupu. Munira akamuuliza kwa upole kama angependa sasa liandikwe jina lake yeye, Simaloi, ili pasionekane pakavu.

Simaloi akatikisa kichwa, akamrudishia brashi.

“Andika maziwa tu, dada. Yeye nimeshamsoma.”