Ngozi Haikuwa na Kosa

Fundi alivua kiatu cha kulia, akakitazama kama mtu anavyomtazama mpangaji mkorofi, kisha akakisukumia chini ya meza. Hiyo ilikuwa jozi ya tatu katika miaka miwili. Ameishona mwenyewe, kwa kipimo chake mwenyewe, na sasa inambana mpaka kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi. Mtu aliyeuvisha viatu mtaa mzima kwa miaka ishirini na mitano alikuwa anachechemea ndani ya kazi ya mikono yake.

"Ngozi hii inanywea," alisema.

Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, aliiweka chupa juu ya meza, mbali na gundi. Neno hilo alikwisha kulisikia hadi likamchosha.

Zamani ngozi zote za duka lile zilitoka kwa Shemeji, kaka wa mke, mwenye duka nyuma ya soko. Watu hao wawili walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi. Ndiyo maana Fundi alipomwendea na jozi mbili za kwanza mkononi, Shemeji alidhani ni yale yale.

"Umeniuzia ngozi isiyokauka," Fundi alisema.

"Ngozi hiyo hiyo nimewauzia mafundi wote. Nani mwingine kalalamika?"

"Wao hawajui ngozi. Mimi najua."

Shemeji aliitazama miguu ya Fundi. "Basi labda ni wewe unayekua, shemeji. Dada anakulisha vizuri mno. Vumilia kidogo, utagusa dari."

Wateja wakacheka. Siku nyingine Fundi angemrudishia tusi la kishemeji na mambo yangeishia hapo. Lakini siku hiyo kichwa kilikuwa kinamgonga tangu asubuhi. Aliviacha viatu juu ya kaunta, akatoka, na katika kutoka akagonga bega kwenye mlango. Ikapita miezi saba bila kuamkiana. Mke akawa katikati, ndugu huku, mume huku, kama nguo inayokamuliwa na watu wawili.

Jozi ya tatu aliishona kwa ngozi ya muuzaji mwingine kabisa. Nayo ikabana. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza. Fundi alisema wauza ngozi wote baba yao mmoja.

Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka, na aliyechoka hufikiri njia ya mkato. Uchovu wenyewe haukuwa ule wa kazi. Wa kazi aliujua: unalala nao, unaamka peke yako. Huu uliamka kabla yake ukamngoja ukingoni mwa kitanda. Alitoka jasho akiwa amekaa kivulini. Alikoroma hata mkewe akahamia chumba cha watoto. Pete ya ndoa ilimkaza mpaka akaikata kwa msumeno mdogo wa visigino.

"Ni uzee," alimwambia mkewe.

"Uzee gani wa miaka arobaini na minane, baba watoto?"

"Wa mafundi viatu. Sisi tunazeeka kuanzia chini."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Kando za dunia zilikuwa zinapotea. Wateja walimzukia kama waliochipuka sakafuni. Mkasi aliouweka kushoto hakuuona mpaka ageuze kichwa chote. Sindano, ambayo kwa miaka yote ilijua njia yake, sasa ilimdunga mara tatu kwa siku. Fundi viatu asiye na macho ni nini? Swali hilo alilikalia kama mtu anavyokalia barua asiyotaka isomwe.

Alasiri moja alikuwa anapiga msumari kwenye soli aliposikia mtu akikohoa.

"Hii mara ya tatu nakuamkia, Fundi. Nimekukosea nini?"

Alikuwa Nesi, mteja wake wa siku nyingi, mwanamke anayemaliza visigino haraka kwa sababu ya kusimama wodini. Amesimama kushoto kwake, hatua mbili tu.

"Nisamehe, mama. Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi, na mimi karibu nikukanyage?" Alipokea viatu vyake, lakini hakuondoka. Alikuwa anaitazama mikono ya Fundi. "Pete yako iko wapi?"

"Ilikaza, nikaikata."

"Na sauti yako, una mafua? Na hayo meno ya mbele, siku zote yana mwanya?"

"Umekuja kuchukua viatu au kuninunua mnadani?"

Nesi hakucheka. "Mguuni unavaa namba ngapi?"

"Arobaini na mbili. Tangu nilipooa."

"Hebu nionyeshe."

Jambo la kumwambia fundi akuonyeshe mguu wake ni kama kumwambia mwalimu asome kwa sauti. Fundi aliinuka kwa hasira ndogo. Kwenye rafu alikuwa na majalada ya karatasi za kaki. Kila mteja aliyeshonewa kiatu humo dukani aliwahi kusimama juu ya karatasi, mguu ukachorwa kwa penseli, tarehe ikaandikwa. Alivuta yake, iliyochorwa na marehemu baba yake, aliyemfundisha kazi, wiki moja kabla ya harusi. Ndiyo aliyokatia viatu vyake miaka yote. Aliitandika sakafuni, akavua soksi, akasimama juu yake.

Mstari wa penseli haukuonekana. Mguu wake ulikuwa umeufunika pande zote, na mbele ulizidi kwa upana wa kidole.

Fundi alikaa chini taratibu. Miguu ya watu aliichora kila wiki. Alimwambia hata mjamzito asimame upya, maana mguu hubadilika. Wake mwenyewe hakuupima miaka ishirini na miwili.

"Mtu mzima hakui," alisema.

"Hakui, kama kila kitu kiko sawa. Sasa nitazame puani, usigeuze macho." Nesi alinyoosha mikono kulia na kushoto. "Vidole vingapi?"

"Vidole vipi?"

Nesi aliishusha mikono. Akavuta kigoda cha wateja, akakaa. Akamweleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo, haizidi punje ya njegere. Inatoa homoni, na homoni hupita katika damu kama maagizo: huyu akue, huyu apumzike, huyu atoe maziwa. Mara nyingine kiuvimbe huota pale, na agizo la kukua likaendelea kutolewa ilhali nyumba ilikwisha jengwa. Mifupa mirefu haiwezi tena kurefuka, kwa hiyo viganja hupanuka, na miguu, na taya. Moyo nao huelemewa. Na uvimbe ukizidi hukandamiza mishipa ya macho iliyo juu yake.

"Mimi si daktari," alimaliza. "Inawezekana nimekosea. Lakini kesho asubuhi njoo, upimwe damu na kichwa kipigwe picha. Ukingoja mpaka giza lifike katikati, hakuna atakayelirudisha."

"Na duka?"

"Duka utalifungua kwa macho gani?"

Hakuwa amekosea. Daktari alisema uvimbe utatolewa kwa kupitia puani. Mifupa haitarudi ilivyokuwa, uchovu utaondoka polepole, na kuhusu macho alikataa kuahidi. Wameokoa wengi, alisema, wengine walichelewa. Mke alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: kwa nini mambo ya kando za dunia ameyasikia hospitali, si nyumbani. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Siku mbili kabla ya kulazwa alikwenda nyuma ya soko na karatasi mbili za kaki, ya zamani na mpya. Alizitandaza juu ya kaunta bila salamu. Shemeji alizitazama kwa muda mrefu.

"Ngozi haikuwa na kosa," Fundi alisema.

"Na mimi nilikuambia unakua."

"Uliniambia."

Shemeji alitaka kutania zaidi. Akaghairi. Akaikunja karatasi mpya, akaitia mfukoni mwa shati.

Baada ya upasuaji Fundi alilala siku nzima na pua iliyojazwa shashi, akipumua kwa kinywa. Asubuhi iliyofuata alikuwa bado amechoka, amechoka hata kugeuza shingo. Alitazama dari. Mlango ulifunguliwa, kiti kikakwaruza sakafu upande wa kushoto, na mtu akakaa kimya, akiogopa kumwamsha. Akaweka mguu mmoja juu ya goti.

Fundi hakugeuka. Macho yaliendelea kutazama juu, na pembeni, mahali ambapo kwa mwaka mzima hapakuwa na kitu, kulikuwa na kiatu cha kahawia kinachotikisika.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya puani, "kisigino chako kimelika upande wa nje. Unatembea kama bata."

Kiatu kiliacha kutikisika. Shemeji akasogeza kiti karibu.

"Pona kwanza. Nimekuletea ngozi. Kubwa."