Majani ya Uvunguni

Enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru na viwanda vya samaki vikafunguliwa Mwanza, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na vichwa, mapanki, yaani mifupa iliyokwisha kuchunwa minofu, na mafuta. Evelina wa Pasiansi hakulalamika. Aliyanunua mafuta ya tumboni, akayayeyusha, na mchuuzi mmoja, Abdillah, akayavusha kwa pantoni ya Busisi kwenda kuyauza Geita.

Ila mafuta ya sangara hayana subira. Hata hayajazoea dumu, yanaanza kunuka. Mama mkwe wa Evelina, Ng'washi, ndiye aliyegundua kwamba majani ya mpera yanayachelewesha kuharibika, na hakuna mgeni aliyetoka nyumba ile bila kuhadithiwa. Lakini aliyaanika juu ya mwamba, kwenye jua kali, kama Wasukuma wanavyoanika majani ya kunde, kisha akayachemsha ndani ya mafuta mpaka yakawa meusi. Kwake, dawa isiyo nyeusi si dawa.

Madumu ya mwisho yalirudishwa kutoka Geita. Abdillah alisema kwa adabu kwamba yakirudi mengine atatafuta mafuta kwingine. Evelina aliogopa kweli. Mumewe, Masalu, alikuwa amepunguzwa kazini, na sufuria ile ndiyo iliyowalisha wote.

Bahati ilikuwa nyuma ya mlango. Kitawi cha mpera kilichoangukia pale kilikaukia kivulini kikabaki kijani. Evelina hakupenda kutupa kitu. Alikiponda, akakitia kwenye chupa ya mafuta aliyokwisha kuyaepua. Chupa ile ilikaa vizuri wakati nyingine zimeshanuka. Tangu hapo akawa anajaribu: majani mazima na yaliyopondwa, machanga na makomavu, moto mkali na vuguvugu. Kila mara yalishinda yale ya kivulini, yaliyopondwa, ambayo hayakuchemshwa.

Kumwambia mama mkwe kwamba jua lake linaua dawa? Thubutu. Akawa anayakausha kwa siri, uvunguni mwa kitanda.

Ndiko Ng'washi alikoyakuta, akitafuta ungo wake. Majani yaliyofichwa chini ya kitanda cha mwanawe: hakuhitaji kuelezwa. Siku hiyo hakula. Masalu aliporudi, mama yake alimwambia mbele ya mkewe kwamba amelishwa limbwata, ndiyo maana kila kitu anaitikia ndiyo, na huyu mwanamke arudi kwao.

Masalu akainama kuvua viatu. Hilo lilimuumiza Evelina kuliko maneno yote. Hakubishana. Alipiga magoti, akaweka chupa mbili mbele ya mkwewe, akamwomba anuse.

Ng'washi alinusa ya kwanza, akaisukuma mbali. Akasema imeoza.

"Hiyo ni ya majani ya mwambani, mama," Evelina alisema taratibu. "Hii ni ya uvunguni. Nilizijaza siku moja, kutoka sufuria moja."

Bibi alinusa ya pili. Akanusa tena, akachovya kidole, akalamba. Kisha akatazama nje, kwenye mwamba wake, ambako majani mengine yalikuwa yakiungua juani. Evelina akamwonea huruma.

"Nani mwingine anajua?" Ng'washi aliuliza.

"Hakuna, mama."

Ng'washi alijishika magoti akainuka.

"Hamishia majani chumbani kwangu," alisema. "Kule hakuna mume wa kulishwa."