Bonde Lililojazwa

Waliohudhuria: Alfayo, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, Truphosa, muuguzi, wa nyumba ya chini namba mbili, Marie-Claire, ambaye wengi humwita Mama Ciza, wa ghorofa ya tatu, Nilam, mhandisi wa maji ya mvua, na wakazi wengine sita. Hakuwepo: Mama Angeline, mzazi wa Truphosa, aliyebaki katika chumba cha hoteli walikohamishiwa kwa muda.

Alfayo aliyasoma majina hayo kwa sauti, kama ilivyo desturi yake, akalifunga daftari. Ukumbi wa kanisa ulikuwa baridi. Nje, mvua ilikuwa ikiyapiga mabati ya maghala ya Nechells, mtaa wao wa ugenini, tangu asubuhi.

Ajenda ilikuwa moja. Miaka miwili iliyopita, sehemu ya maegesho mbele ya jengo lao ilivunjwa, pakachimbwa bonde fupi lenye mchanga, kokoto na majani marefu, ili mvua ya paa na ya barabara ituame humo na kunywewa na ardhi polepole, badala ya kukimbilia mtaro uliokwisha kuzidiwa. Bonde lilifanya kazi yake vizuri. Jumanne ya wiki iliyopita halikuifanya. Maji yaliupita ukingo, yakaingia chini ya mlango wa Truphosa, yakamkuta mamake peke yake.

"Yalifika hapa," alisema Truphosa, akigusa katikati ya muundi. "Mimi nilikuwa wodini. Mama alikaa juu ya kitanda saa tatu nzima, akiyaimbia maji yashuke. Tangu siku hiyo analala na viatu miguuni."

Nilam alizungumza Kiingereza, Alfayo akafasiri sentensi kwa sentensi. Wenye jengo walikuwa wakisubiri taarifa yake. Ikiwa mpango wenyewe ulikuwa mbovu, bonde lingefukiwa, lami ingerudishwa, na nyumba za chini zingefungwa kabisa. Ikiwa kulikuwa na sababu nyingine, bonde lingetengenezwa na Truphosa angerudi kwake. Kisha Nilam aliweka mezani mfuko wa udongo mzito wa mfinyanzi, uliochanganyika na vipande vya matofali.

"Anasema huu si udongo alioutia yeye," alifasiri Alfayo. "Ameuchimbua bondeni. Anauliza nani anaufahamu."

Marie-Claire aliutazama mfuko huo, kisha akauvuta mtandio wake mabegani.

"Mimi njo nilijaza ile shimo," alisema kwa Kiswahili cha kwao.

Alfayo hakufasiri mara moja.

"Maji ilikuwa inalala pale siku mbili. Nilikuwa naiona ku dirisha. Kwetu Uvira, maji yenye kulala inaletaka mbu, na mbu inauaka mutoto. Mutoto yangu, mbu ilimuua. Alikuwa na miaka ine. Baliweka kibao ya kueleza, ndiyo, lakini Kiingereza yote ile, ni nani alinisomea? Nikabeba udongo ya bale benye kujenga kule nyuma, ndoo kwa ndoo. Mwezi muzima."

"Sote tulikuona," alisema Alfayo taratibu. "Nilikushukuru mbele ya kanisa kwa kupasafisha."

"Na koleo lilikuwa lako, mwenyekiti," alisema Truphosa.

"Na chai ilikuwa yako, dada. Usinibebeshe lawama peke yangu," alijibu Alfayo.

Mmoja wa wakazi alicheka, akaacha upesi. Truphosa alikumbuka kikombe alichompelekea Mama Ciza nje, na jinsi yeye mwenyewe, muuguzi wa miaka kumi na sita, alivyoutazama udongo ukishindiliwa akaridhika moyoni kwamba maji machafu yanaondoka.

Alfayo alipofasiri, Nilam aliufunga mfuko wa udongo. Alieleza kwamba maji yale yalikusudiwa kukaa siku mbili tu, na kwamba mbu huhitaji zaidi ya hapo kukua. Alikiri pia kwamba tangu bonde lichimbwe hakuna aliyewahi kuja kuwaeleza wakazi. Waliletewa kibao tu. Angeandika ukweli huo wote. Bonde lingefukuliwa, na kabla ya Pasaka nyumba namba mbili ingekaliwa tena.

"Basi, Truphosa," alisema Alfayo, akishika kalamu, "umesikia. Utarudi."

Marie-Claire alikuwa akilia bila sauti. "Dada, nisamehe. Nitachimba mimi mwenyewe."

"Nimekusamehe, Mama Ciza. Ningekuwa wewe ningejaza vilevile." Truphosa alisimama, akafunga vifungo vya koti, kwani zamu yake ilikuwa inakaribia. "Lifukuliwe. Na kibao kiandikwe kwa lugha zetu, kisha mtu aje akisome kwa mdomo. Lakini leo asubuhi nilimwambia mama kwamba huenda tukarudi nyumbani. Aliinama, akakaza kamba za viatu."

Mvua iliongezeka. Hata Nilam, asiyejua Kiswahili, aliacha kukusanya karatasi zake.

"Tumepewa nafasi ya nyumba mtaa wa Ladywood, ghorofa ya tisa, na jibu linatakiwa leo. Nimeamua kuichukua. Andika hivyo, mwenyekiti: nyumba namba mbili apewe mwingine."