Siku Waliyokufa Mama Mkwe na Mzee Pumzi

Kwa maelezo ya fundi cherehani, aliyoyatoa bombani mbele ya foleni nzima ya ndoo, Mzee Pumzi alikufa kwa mapenzi. Alisema habari zilipoingia studio kwamba mwigizaji Mama Mkwe amefia hospitalini, yule mzee aliinuka kwenye kitanda cha kuigizia, akauliza, "Kweli ameondoka?" Alipojibiwa ndiyo, akajilaza tena, akajifunika shuka mwenyewe, akakata roho.

"Tena akitabasamu," fundi cherehani aliongeza, huku akisuuza ndoo yake taratibu ili asiwahi kumaliza. "Miaka yote mke yuko jikoni anahangaika na moshi, kumbe moyo wa mume umehamia kwa mwenzake."

"Wewe umeyajuaje?" aliuliza mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni.

"Kwa mtu aliyekuwepo."

Aliyekuwepo alikuwa amesimama nyuma yake, ndoo mkononi. Alikuwa binti mpambaji wa studio, yule aliyepaka nyuso za waigizaji, na mtaa mzima ulimwita Poda. Fundi cherehani akageuka, akamwona.

"Si huyu hapa. Poda, hebu sema mwenyewe. Nimedanganya?"

Poda aliinamisha macho kwenye maji. "Mimi nilikuwa nje, dada. Nilikuwa naosha brashi."

"Mmesikia? Hajakataa."

Wanawake wakaguna. Poda akajitwisha ndoo kabla haijajaa, akaondoka nayo inamwagika mabegani, na hakugeuka kuifuta shingo.

Hakuwa nje. Brashi hakuziosha siku ile.

Watu waliowakumbuka marehemu wale wawili hawakuwakumbuka kwa uzito mmoja. Mama Mkwe alikuwa mama mkwe wa kila nyumba yenye televisheni. Kwa alivyomtesa mke wa mwanawe kwenye tamthilia, wauza mboga walikataa kumhudumia sokoni, wakamwambia akamwombe msamaha kwanza yule binti. Naye alicheka, akanunua kwingine. Mzee Pumzi hakujulikana kwa sura, maana kazi yake ilikuwa maiti. Hadithi ikihitaji mtu wa kulazwa katikati ya sebule na kuliliwa, aliitwa yeye. Alijua kubana pumzi mpaka wanaomtazama ndio wanaoanza kukosa hewa. Alishaliliwa kama mfalme, kama dereva, kama baba wa mapacha, na akitoka hapo alirudi nyumbani kwa miguu na uso wenye majivu, watoto wakimkimbia.

Poda aliishia shule ya msingi. Kazi aliijua kwa kukodoa macho. Alikaa pembeni akimtazama mpambaji wa zamani, hakuuliza kitu, hadi siku mpambaji huyo alipoolewa mbali, naye Poda akaambiwa ashike sanduku la vipodozi. Mtu wa kwanza kupakwa na mkono wake alikuwa Mzee Pumzi. Buluu kidogo kwenye midomo, kijivu chini ya macho, poda nyeupe juu. Alipokuwa anamalizia, mzee alishika kifua, akatoa ulimi, akaanguka kutoka kwenye kiti. Poda alitoka mbio akiita watu. Walipofika wakamkuta mzee amekaa anajipepea kwa kofia. Studio nzima ilicheka. Kwa muda mrefu mafundi wa taa walipomwona walishika vifua vyao. Poda alilia chooni, akaapa moyoni kwamba mzee huyu hatamfanya mjinga tena.

Naye mzee hakuacha. Kila akikaa kwenye kiti alikuja na ugonjwa mpya. "Mwanangu, leo ni figo, nipake haraka." "Mwanangu, leo ni ndoa, imenishinda, niandikie wosia." Poda alimjibu kwa mdomo uliobetuliwa, "Kufa basi, mzee, kuna wengine wanasubiri kiti." Wakacheka. Kama asingekuwa anampenda yule mzee asingemjibu hivyo.

Asubuhi ya siku aliyokufa, mzee alilala kitandani, waombolezaji wa kuigiza wamekwisha kujipanga, mwongozaji anagombana na mtu wa sauti. Poda aliinama kumfuta jasho. Jasho lilikuwa jingi, linavunja poda kabla haijakauka. Alikumbuka kwamba hilo lilimuudhi.

"Mwanangu," mzee alisema chini chini, "kifua kimenibana. Niinue."

"Leo ni kifua."

"Si mchezo, Poda. Niitie mke wangu."

"Nikuitie na kasisi na shehe, wachague nani akuzike? Lala, mzee, unaniharibia kazi."

Akamkandamizia poda nyingine shavuni. Mzee akanyanyua mkono, akamshika kwenye kifundo cha mkono. Poda akauondoa ule mkono kidole kwa kidole, akaulaza vizuri ubavuni, kama maiti inavyotakiwa kulala, kisha akavuta shuka hadi kidevuni na kumwonyesha mwongozaji dole gumba.

Wakarekodi. Waombolezaji walilia kweli kweli. Mwongozaji, mtu asiyejua kusifu, alisema, "Jifunzeni kwa huyu mzee. Hata kope haichezi." Wakampigia makofi. Wakarudia tena, kwa upande mwingine wa kamera, wakampigia tena makofi. Poda naye alipiga.

Ndipo simu ikalia kwamba Mama Mkwe ameaga dunia. Watu wote walimiminika barazani, wengine wameshika vichwa, wengine wanapiga simu huku na huku. Taa zikazimwa. Aliporudi ndani kuchukua sanduku lake, Poda alimkuta mzee vile vile. Akasema, "Amka, mzee, kuna msiba." Hakukuwa na ugonjwa mpya.

Mwongozaji aliwakusanya wote kabla gari la hospitali halijafika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Mzee alikuwa amejipumzisha. Hakuna aliyerekodi kitu. Hakuna aliyeona kitu. Tunaelewana?" Vichwa vikatikisika. Cha Poda pia.

Kwa hiyo lilipozuka lile la mapenzi, watu wa studio waliliacha lizunguke. Lilikuwa tamu, na halikumgusa yeyote kati yao. Lilimgusa mtu mmoja tu.

Jioni televisheni ilipoonyesha kipindi cha kuwakumbuka marehemu, mjane wa Mzee Pumzi alituma aitiwe Poda. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kimesukumwa ukutani ili wageni wapate pa kukaa, lakini wageni walikuwa fundi cherehani peke yake, amekuja na kisahani chake cha karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, karibu nami."

Kipindi kilikuwa cha Mama Mkwe karibu chote. Mama Mkwe akimwaga chai ya mke wa mwanawe, Mama Mkwe akifunga kabati la sukari kwa ufunguo, Mama Mkwe akicheka na waandishi. Mwishoni kabisa mtangazaji alisema kwamba siku hiyo hiyo tasnia ilimpoteza pia mwigizaji mkongwe, wakamwonyesha Mzee Pumzi. Amelala kwenye jeneza. Amelala kwenye mkeka. Amelala sakafuni. Katika mikanda yao yote hawakupata mahali amefumbua macho. Kila uso ule Poda aliujua, maana ni mkono wake.

"Wamewaweka kipindi kimoja," fundi cherehani alisema, akitafuna. "Hata kituo kinajua."

Mjane hakumtazama. "Jirani, nakuomba ukanitazamie kama lango limefungwa."

"Limefungwa, nimelifunga mwenyewe."

"Katazame tena."

Fundi cherehani alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akabeba kisahani chake akatoka. Mjane akapunguza sauti ya televisheni. Mikono yake aliiweka magotini, ikatulia.

"Ya bombani yameniingia humu ndani," alisema. "Mimi si mtoto. Nimekaa na yule mtu, najua alivyokuwa akikoroma, najua alivyokuwa akinificha soksi zilizotoboka. Sikuamini. Ila nikilala, naona kama kitanda kinaniuliza."

Poda aliona ilivyokuwa rahisi kumsaidia. Angesema tu: hakuzisikia habari za yule mama, mama. Habari zilikuja amekwisha kufa. Maneno machache, na lile la mapenzi lingekufa papo hapo. Lakini mama huyu angeuliza, umejuaje? Halafu angeuliza, kabla ya hapo alisema nini? Na baada ya hilo kungebaki kifundo cha mkono, na vidole vinavyofunguliwa kimoja kimoja.

"Wenzako nimewauliza. Kila mmoja alikuwa nje. Studio nzima ilikuwa nje siku ile." Mjane alimgeukia. "Wewe alikuita mwanangu hata hapa nyumbani, akija kutusimulia utani wenu. Najua hungemwacha peke yake. Niambie jina la nani lilikuwa mdomoni mwake."

Kwenye televisheni matangazo ya sabuni yalianza. Poda aliyasikia tena yale maneno, niitie mke wangu.

"La yule mama, au langu? Niambie, mwanangu. Lolote lile nitalipokea."