Mashua Yenye Mtekenyo

Asubuhi ya kwanza ya ukarabati, dereva mstaafu wa treni alivaa ovaroli yake ya zamani, akaanza kupiga msasa ubavu wa mashua ya tanga aliyoinunua ugenini pamoja na mkewe, nayo mashua ikacheka. Mwanzoni ilijizuia, kama mtu aliyeko msibani. Msasa ulipofika chini ya tumbo, iliangua kicheko na kupaa shubiri moja juu ya magogo yaliyoishikilia.

"Ina mtekenyo," mshona matanga wa karakana alieleza, bila kuacha kushona. "Mtaizoea, shemeji."

Waliizoea. Walijua inapovuja, inapolalamika kukiwa na baridi, na kwamba lazima ifungwe kamba kabla ya kuguswa tumboni. Kicheko chake kiliambukiza karakana nzima. Fundi rangi alicheka hadi akapaka kiatu chake mwenyewe. Mke alimcheka zaidi mumewe, ambaye kila alipojaribu usukani kona zilimshinda.

"Baba Watoto, miaka yote ile reli ndiyo iliyokata kona. Wewe ulipiga honi tu."

Hakukanusha. Kilichomshughulisha ni ahadi. Mshona matanga alikuwa ameshonea bandari ile tangu ujana wake, asipande chombo hata kimoja. Sasa macho yake yalikuwa yakipoteza nuru, naye alitaka kuliona tanga lake moja limejaa upepo kabla hayajazimika. Walimwahidi kwamba atakuwa abiria wao wa kwanza.

Siku ya kushusha mashua, mwenye karakana alikuja gatini na ufito wake wa kupimia kina. Alisema kwa adabu kwamba mfanyakazi wake haendi majini. Majini ni kwa wateja. Ndivyo marehemu baba yake alivyotaka.

Dereva alitafakari, kisha akamnong'oneza mkewe. Mke akainama, akaitekenya mashua chini ya tumbo. Ikacheka, ikapaa, ikatulia hewani ikichuruzika maji.

"Panda, mama," dereva alisema.

Mwenye karakana akapitisha ufito chini ya mashua, akakuta hewa tupu toka omo hadi tezi. Alikuwa mtu wa kanuni. Akawaruhusu mpaka mwisho wa mapumziko ya mchana.

Waliizunguka bandari wakielea hewani, shubiri moja juu ya maji, dereva akienda kulia kila alipokusudia kushoto na kulitangaza kila boya kama kituo, wanawake wawili wakishikana wasianguke kwa kicheko. Kisha mshona matanga akalitazama tanga juu.

"Unaliona?" mke aliuliza.

"Naliona. Pale pembeni mshono umevuta. Mkirudi niurekebishe."

King'ora cha kazi kililia. Alishuka, akarudi kwenye kigoda chake, akalivuta tanga la mteja mwingine magotini. Mashua ilitua majini taratibu, ikaondoka, na kicheko chake kikasikika mpaka nje ya bandari. Mshona matanga hakuinua kichwa. Alikuwa akitunga uzi, na siku hizi ilimchukua muda kulipata tundu la sindano.